Shamba linapeperuka, korongo linapanda, chumvi inatoka: kutafuta kosa pale kilimo kinapokutana na ukame

Malalamiko ya msimu wa ukame hufanana kila mahali. Mvua imekata, shamba limekuwa vumbi. Mvua imenyesha siku mbili, lakini ukichimba chini ni pakavu. Kijito kilichokuwa mita chache tu kutoka njiani sasa kimekuwa korongo. Halafu mlalamikaji anamalizia: "Ni ukame tu."

Mara nyingi si ukame tu. Nyanda za kusini mwa Marekani zilikuwa na nyasi za asili zilizopita kwenye ukame mwingi bila kupeperuka. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia bei ya ngano ilipanda, na miaka iliyofuata wakulima wakazipindua nyasi zile kwa trekta na jembe la sahani, eneo kwa eneo. Mvua za miaka hiyo zilikuwa nzuri, kwa hiyo hakuna aliyeona kosa. Bei ikaanguka, mashamba mengi yakaachwa uchi, na kuanzia 1931 mvua ikagoma. Kilichofuata kilidumu karibu muongo mzima: dhoruba za vumbi, watoto na wazee wenye mapafu yaliyojaa vumbi, na familia zilizofunga mizigo na kuhama kwa maelfu.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa dalili yoyote iliyo hapa chini ni moja: mwaka wa mwisho mvua ilipokuwa nzuri, ardhi hii ilifanyiwa nini? Anayejibu swali hilo vizuri huwa ameshamaliza nusu ya uchunguzi.

Vifaa ni vichache. Koleo, fimbo ya chuma nyembamba yenye urefu wa nusu mita, kopo lililokatwa kitako, kamba yenye mafundo 50 yaliyopishana sentimita 20, na chupa ya maji ya mvua. Maji ya bomba au kisima hayafai kwa kipimo kimoja tutakachokiona kwenye sehemu ya chumvi.

Dalili: shamba linatimua vumbi

Mimi huanza kwenye uzio. Upande ule upepo unakoelekea, udongo hurundikana kwenye waya, vichaka na shina la mti wa kwanza. Rundo la mchanga mtupu maana yake unga mwororo, ndio wenye rutuba, umeshakwenda mbali na hautaurudisha. Dalili nyingine ni miche iliyochanika majani kama imepigwa msasa, na mizizi iliyobaki nje kwa upande mmoja. Watu hupuuza kwa sababu shamba bado linaonekana lipo. Piga hesabu: milimita moja tu ya udongo juu ya hekta moja ni meta za ujazo 10, yaani kama tani 12 au 13. Milimita moja huioni kwa macho.

Sababu zimepangwa kuanzia ile inayoonekana zaidi.

*Ardhi iko uchi.* Hii ndiyo sababu ya mashamba mengi, na hugunduliwa kwa kamba. Ilaze kamba kwa mshazari kukata mistari ya mazao, hesabu mafundo yaliyogusa bua, jani kavu au mmea ulio hai. Rudia sehemu tatu. Mafundo yasipofika 15 kati ya 50, kifuniko chako kiko chini ya asilimia 30, na hapo ndipo upepo na matone ya mvua huanza kufanya wanavyotaka. Uliza mabua yalikwenda wapi. Yamechomwa, yamelishwa mifugo yote, au yamefukiwa na jembe? Kila jibu lina dawa yake, na anayeyahitaji kwa mifugo huwezi kumwambia tu ayaache. Muombe aache theluthi, hasa upande upepo unakotokea.

*Udongo umepondwa.* Chukua konzi ya udongo mkavu. Ukiona punje na vibonge vidogo vinavyosimama, uko salama kiasi. Ukiona unga unaokimbilia katikati ya vidole, umelimwa mara nyingi mno au umelimwa ukiwa mkavu kabisa. Upepo una ubaguzi wake: punje za kati hurukaruka karibu na ardhi, na kila ikitua punje moja inazing'oa nyingine, zile nyepesi hupanda angani na kusafiri. Mwezi Mei 1934 vumbi la nyanda kuu za Marekani lilifika New York na kuangukia hata meli zilizokuwa Atlantiki.

*Shamba ni refu na halina kizuizi.* Mrukoruko ule wa punje huongezeka kadiri upepo unavyosafiri bila kukutana na kitu. Ndiyo maana kona moja ya shamba inaweza kuwa nzima na ya pili imekwanguliwa, ilhali vyote vimelimwa sawasawa. Tembea kufuata upepo na uangalie uharibifu unaanzia wapi.

*Vumbi si lako.* Mara chache chanzo ni njia ya mifugo, barabara ya vumbi au shamba lililotelekezwa upande upepo unakotoka. Kama rundo liko kwenye uzio wa kuingilia na si wa kutokea, mlango wa kugonga ni wa jirani.

Kama shamba linapeperuka leo hii, usisubiri dawa ya kudumu. Tandaza mabua, majani au samadi kwenye viraka vilivyoanza, ukianzia upande wa upepo, maana kiraka kidogo ndicho mama wa vumbi lote. Kwenye udongo wa mfinyanzi unaweza kukwatua mistari ya kina, yenye kupishana, ikikata mwelekeo wa upepo kama msalaba, ili vibonge vikubwa vije juu. Kwenye mchanga mtupu usijaribu. Hakuna vibonge chini, utaongeza vumbi.

Dawa ya muda mrefu ni mashina yaliyosimama baada ya mavuno na mistari ya miti. Mstari wa miti hulinda eneo lenye upana wa takriban mara 10 ya urefu wake, kwa hiyo miti ya mita 6 inalinda kama mita 60. Isiwe ukuta. Upepo ukigonga ukuta hupanda na kushuka nyuma kwa fujo. Ukichujwa na majani hupungua nguvu. Serikali ya Marekani ilipanda miti ipatayo milioni 220 kwa namna hii kati ya 1934 na 1942. Lakini kabla ya kununua miche, chunguza ardhini. Mashamba mengi yana visiki vinavyochipua kila mwaka na kukatwa kila mwaka. Chagua chipukizi chache zenye nguvu, pogoa nyingine, zilinde. Ndiyo njia inayoitwa kisiki hai, na ndiyo iliyorudisha miti kwenye zaidi ya hekta milioni 5 nchini Niger, kazi iliyoanzia eneo la Maradi miaka ya 1980. Mizizi iko tayari kina kirefu, kwa hiyo ukame hauitishi kama unavyoutisha mche wa wiki mbili.

Simama hapa: vumbi likiwa zito kiasi huoni mti ulio mbele yako, acha kazi na acha kuendesha gari. Funika pua na mdomo kwa kitambaa chenye unyevu. Mtoto, mzee au mwenye pumu anayepumua kwa haraka au kwa mlio baada ya vumbi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na kitu kimoja watu hawakiamini: vumbi kavu likisuguana hujenga umeme. Katika dhoruba za miaka ya 1930 magari yalizimika kwa sababu hiyo, na madereva wakawa wanaburuta mnyororo nyuma ili umeme ushuke ardhini.

Dalili: mvua imenyesha, chini bado pakavu

Chimba saa chache baada ya mvua. Ikiwa sentimita 5 za juu ni matope na zilizo chini ni vumbi, maji yamekimbia. Milimita 20 za mvua ni lita 200,000 kwa hekta. Zimekwenda mahali fulani, na pengine ndizo zinazochimba korongo la sehemu inayofuata.

Sababu ya kawaida ni ukoko: ngozi ngumu juu ya udongo, nene kama ganda la yai, inayopasuka vigae ikikauka. Hutokea matone yanapopiga ardhi uchi. Sababu ya pili ni tabaka gumu chini ya kina cha jembe, linalotokana na kulima kina kile kile kila mwaka, magurudumu, au kwato kwenye udongo uliolowa. Ya tatu ni mboji iliyokwisha, kiasi kwamba udongo hauna kinachoushikilia.

Kuzitofautisha: chomeka fimbo ya chuma taratibu. Ikigoma juu kabisa kisha ikapita, ni ukoko. Ikipita vizuri na kugoma sentimita 15 hadi 25, kila mahali kina kile kile, ni tabaka la jembe. Ikipita kote na maji bado hayaingii, angalia mboji. Kisha kopo: lisukume sentimita chache ardhini, mimina maji yenye kina cha sentimita 2.5, uhesabu dakika. Namba yenyewe peke yake haisemi mengi. Rudia kipimo chini ya mti au kwenye ukingo wa uzio ambao haujawahi kulimwa. Kama pale maji yameingia kwa dakika 3 na shambani yamekaa nusu saa, umeiona gharama ya miaka yote ya kulima kwa tarakimu mbili.

Ukoko hutibiwa kwa matandazo, si kwa jembe. Ukiukwangua bila kufunika, mvua inayofuata inautengeneza upya. Tabaka gumu huvunjwa udongo ukiwa mkavu. Ukilivunja likiwa na unyevu, chuma kinalilainisha kama mwiko wa mwashi na kulifanya liwe baya zaidi. Ardhi iliyogeuka sakafu kabisa inahitaji mashimo: upana wa sentimita 20 hadi 30, kina 10 hadi 20, samadi ndani, yachimbwe kiangazi. Nchini Burkina Faso huitwa zaï, na mkulima Yacouba Sawadogo aliyaboresha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuyapanua na kuyatia samadi, hadi ardhi iliyohesabiwa imekufa ikaota mtama na hatimaye msitu. Mchwa waliofuata samadi ndio waliotoboa njia za maji. Usiwapulizie dawa.

Kuna udongo ambao jibu lake ni kuuacha. Mpango wa karanga wa Waingereza huko Tanganyika, uliozinduliwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na kufutwa 1951, ulipeleka matrekta Kongwa kwenye udongo ambao mvua ikiisha hukaza kama tofali, na mahali penye mvua isiyotabirika. Hakuna aliyekaa misimu ya kutosha kuutazama kabla ya kufyeka.

Simama hapa: usikodi trekta la kuvunja kina kirefu kabla ya kujua kilicho chini. Kama udongo wa chini una chumvi, utakuwa umelipa fedha kuuleta juu. Peleka sampuli ya tabaka zote mbili kwenye maabara ya udongo, au mpigie afisa ugani.

Dalili: korongo linapanda juu kila mvua

Wageni hushangaa korongo hurefuka kuelekea juu ya mteremko. Maji yakidondoka kwenye kichwa chake hula chini, ukingo unaning'inia, unabomoka, na kichwa kinasogea. Kwa hiyo anayeziba mdomo wa chini anacheza.

Anza kwa kupanda juu ya kichwa mvua ikiwa inanyesha kidogo, ufuate maji yanakotoka. Chanzo kikuu huwa maji yaliyokusanywa na kitu: kalvati, mtaro wa barabara, njia ya mifugo, paa kubwa. Kinachofuata ni mistari ya mazao inayoshuka na mteremko, ambapo kila mfereji ni bomba. Cha tatu ni malisho yaliyokwanguliwa juu ya shamba. Mara chache korongo hufuata shimo la mnyama au mzizi uliooza, na ardhi hutitia ghafla.

Ondoa maji kwenye kichwa kwanza, kwa mtaro wenye mwinamo mdogo unaoishia kwenye nyasi nene. Si kwa jirani: korongo litahamia kwake na kesi itahamia kwako. Kisha pima kontua kwa fremu A, miti mitatu na jiwe la timazi, inatosha. Kwenye mistari hiyo chimba mtaro na urushe udongo upande wa juu. Ndiyo fanya juu, jina la Kiswahili ambalo wataalamu wa udongo duniani hulitumia bila kulitafsiri. Juu ya tuta panda nyasi za kukatia mifugo, na baada ya misimu kadhaa mteremko unakuwa ngazi.

Ndani ya korongo lenyewe weka vizuizi vidogo vya matawi au mawe. Makosa mawili ndiyo yanayovibomoa. La kwanza ni kizuizi kilicho bapa juu: maji hupita pembeni na kuchimba kingo. Katikati pawe chini kuliko pembeni, na ncha zizame ndani ya kingo. La pili ni kuviweka mbali mno. Sehemu ya juu ya kizuizi cha chini ilingane na mguu wa kizuizi kilicho juu yake. Takataka, matairi na vifusi havifai. Maji huzunguka navyo na kupanua kuta.

Wakati mwingine hakuna ujenzi utakaosaidia mpaka mzigo upungue. Kondoa, mkoani Dodoma, mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973 kwa matuta na miti. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililomomonyoka. Nyasi na vichaka vikarudi. Ilikuwa hatua kali, na waliohamisha ng'ombe ndio waliobeba gharama yake. Kufunga sehemu moja kwa zamu, kwa makubaliano ya wenye mifugo, huchukua muda mrefu zaidi na hugombanisha watu kidogo.

Simama hapa: korongo likikuzidi kimo, likiwa karibu na nyumba, barabara, nguzo ya umeme au bomba, au ukiona ufa unaokwenda sambamba na ukingo, ita mhandisi. Usiingie ndani yake kwa siku kadhaa baada ya mvua. Kuta huanguka bila mlio.

Dalili: weupe kama unga juu ya udongo

Weupe ukijitokeza kwenye migongo ya matuta kuliko mifereji, ni chumvi inayopandishwa na maji yanayokauka. Mimea huonyesha mapema: ncha za majani huungua, maharage hufa huku pamba au shayiri ikisimama.

Chimba shimo la mita 2, lifunike, rudi kesho. Maji yakiwa yamesimama humo, chanzo ni kumwagilia kupita kiasi bila njia ya kutolea maji, au mfereji unaovuja. Shimo likiwa kavu, shuku maji yenyewe ya kisima. Kuna sababu ya tatu ambayo huwapotosha wengi: kukata miti. Magharibi mwa Australia misitu yenye mizizi mirefu ilifyekwa ipandwe ngano; mizizi mifupi ikashindwa kunywa mvua yote, maji ya chini yakapanda na kuleta chumvi juu. Hakukuwa na umwagiliaji.

Sasa ile chupa ya maji ya mvua. Tumbukiza kibonge kikavu bila kutikisa. Kikisambaa tu, ni udhaifu wa mboji. Kikizungukwa na wingu kama maziwa, kuna sodiamu nyingi, na hapo jasi hutumika, kwa kiasi kinachotoka maabara. Chumvi ya kawaida husafishwa kwa kumwagilia maji mengi yaipeleke chini, lakini hilo ni sahihi tu kama kuna mifereji ya kuyatoa. Bila mifereji unapandisha maji ya chini na kesho weupe unaongezeka.

Kosa hili likiachwa hukua kuliko shamba. Bahari ya Aral, ziwa kubwa la Asia ya Kati, ilikuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 68,000 mwaka 1960. Maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya yakageuziwa mashamba, hasa ya pamba, na sehemu kubwa ya sakafu ya bahari hiyo leo ni jangwa linalorusha vumbi lenye chumvi na mabaki ya dawa za mashambani. Bwawa la Kok-Aral la 2005 liliokoa sehemu ya kaskazini. Kusini hakukuwa na bahati hiyo.

Dalili: kisima kinashuka

Pima kina asubuhi kabla ya kuvuta, tarehe ile ile kila mwezi, uandike. Kikishuka kiangazi na kurudi masika, ni pumzi ya kawaida. Kisiporudi misimu miwili, mnavuta kuliko kinachoingia, na pampu yenye nguvu zaidi itaharakisha tu mwisho. Kagua uvujaji, badili zao lenye kiu, mwagilia jioni, na kaa na wenye visima vya jirani kwa sababu mnakunywa chungu kimoja. Usishuke kisimani kukichimba zaidi. Hewa ya chini inaweza kukosa oksijeni, na anayemfuata aliyeanguka huanguka pia. Ita wachimbaji wenye vifaa.

Dalili: mifugo inakufa ghafla na majani yapo

Hapa fikiri sumu kabla ya njaa. Mtama uliodumaa kwa ukame, hasa chipukizi zinazotoka baada ya mvua ya kwanza, unaweza kuwa na sianidi. Mnyama huhema, huyumba, hufa ndani ya muda mfupi, na damu huwa nyekundu kupita kawaida. Damu ikiwa ya rangi ya kahawia, shuku naitreti, inayojazana kwenye mashina ya mtama na mahindi yaliyokwama kukua. Bwawa lililonywea likiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, ni mwani wenye sumu, na kuchemsha maji hakuiondoi.

Ondoa kundi lote kwenye shamba au bwawa hilo kwanza, wazima na wagonjwa, kisha mpigie daktari wa mifugo hapo hapo. Usichinje aliyekufa wala anayekufa ili kuokoa nyama. Weka kando kishada cha majani waliyokula na chupa ya maji waliyokunywa. Ndivyo daktari atakavyoviulizia akifika.